Kichwa cha Besi Kinatafuta Boksi

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu. Mume wangu! Nimeliandika mara mbili kwa sababu linanoga. Amejilaza hapa kwenye kochi la kuazima, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja juu ya kichwa — siyo kichwa chake, kichwa cha amplifaya! Lazima nieleze, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani niliolewa na mwendawazimu.

Mjomba wake, kaka yake mama mkwe, amekuja leo na zawadi yetu ya harusi. Amechelewa, anasema, kwa sababu zawadi ni nzito na ngazi zetu zinapanda kama zinaenda mbinguni. Kaitua mezani — puu! — meza ikalia. Sanduku jeusi la chuma, vitufe mbele, wavu nyuma. Ndani ya wavu zimesimama taa za kioo kama chupa ndogo za dawa. Miaka yote aliyopiga gitaa la besi kwenye bendi yao, alipigia hilo. Sasa vidole vimekakamaa, havikunjiki. Na katika wapwa wote ni mume wangu tu aliyeshika besi. Wengine wamekimbilia kuimba, kasema Mjomba, maana mwimbaji habebi mzigo.

"Nimewapa kichwa," akasema, "mwili mtafute wenyewe. Ndiyo maana ya ndoa!"

Kumbe ni kichwa tu, hakina spika. Kinakalishwa juu ya boksi la spika linalokifaa, ndipo kisikike. Boksi lake la zamani lilioza na mvua, akalitupa huku analia, anasema.

Mume wangu alipitisha kidole juu ya kila kitufe kama mtu anayesoma jina lake. Machozi yakamlengalenga. Mwanaume huyu anakata rundo la karatasi kwa mashine kule kiwanda cha uchapaji bila hata kupepesa macho — halafu analizwa na sanduku! Nikampenda upya. Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Jumanne, 5 Machi

Sijawahi kuona kitu kizuri hivi tangu siku ya harusi yetu.

Nilikuwa na hamu ya kuona kama kile kichwa kinawaka. Yeye akasema ngoja tupate boksi. Nikamwambia, nataka kuona zile taa tu, kidogo tu, mpenzi. Nani anaweza kuninyima mimi? Tumefunga mapazia maana jua la alasiri linaingia lote kwetu. Kabonyeza swichi ya kwanza. Hakuna kitu. Nikaanza kununa. Halafu ndani ya kioo ukaja wekundu, taratibu, kama kaa linapopulizwa. Taa zote zikawa kama zinapumua. Uso wake ukawa wa dhahabu. Wangu pia, amesema yeye! Amesema nilifanana na picha.

Tumekaa sakafuni mabega yamegusana. Nilijua tu kwamba kama kuna siku nitakufa, nataka nikumbuke hiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Tena leo! Imekuwa ibada yetu. Akitoka kiwandani, nami nikitoka duka la miwani ninakofanya kazi, tunafunga mapazia, tunawasha.

Leo nimemwomba achomeke gitaa. Akasema halitatoa sauti. Nikasema sawa, nipigie wimbo usio na sauti. Kabonyeza na swichi ya pili, ile inayofungulia sauti, akapiga. Zikasikika nyuzi tu, tak, tak — lakini ndani ya taa zile kubwa ukaonekana mwanga wa buluu! Kila akipiga unaruka! Nikapiga kelele. Ongeza, nikamwambia, ongeza nione buluu! Akazungusha kitufe mpaka mwisho, maana sauti haipo, nani atalalamika? Buluu ikacheza ukutani kwenye kioo cha saa. Nikasogeza sikio. Ndani ya chuma kuna kisauti chembamba kama mbu, kinaimba nyimbo zile zile anazopiga. Kinatuimbia sisi wawili peke yetu!

Nikambusu katikati ya wimbo. Akakosea noti. Hakuna aliyesikia.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi kapita. Wifi yangu huyu, dada yake mume wangu, ulimi wake una ncha mbili. Kasema jirani wa chini amemuuliza kama kuna mgonjwa kwetu, mbona mapazia yanafungwa mchana kweupe kila siku.

"Nikamwambia hakuna mgonjwa," kasema Wifi, "kuna popo wawili wameoana."

Nimecheka mpaka nikamwaga chai. Mume wangu alijificha bafuni.

Jumapili, 10 Machi

Habari kubwa! Mwenyekiti amepiga simu. Siyo mwenyekiti wa kitu chochote — ndivyo bendi moja ya hapa mjini inavyomwita kiongozi wake kwa sababu anapenda vikao. Mpiga besi wao amehamia mbali. Amesema Jumamosi hii mume wangu aende ukumbini wanakofanyia mazoezi, apige nao kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Akiwaridhisha, nafasi ni yake. Lakini aje na kichwa chake na boksi lake. Wanaoazima vyombo wamechoka nao. Yule wa mwisho aliazima hata waya na hakuurudisha.

Mume wangu alisimama dirishani na simu mkononi muda mrefu. Kuanzia shuleni anapiga besi kanisani na kwenye harusi za watu kwa vyombo vya watu. Hajawahi kuwa wa bendi. Amesema kwa sauti ndogo, "Unajua nimesubiri simu hii tangu lini?" Sijui! Lakini nilimshika kiuno kwa nyuma nikahisi moyo wake unapiga besi.

Amempigia Mjomba. Mjomba amesema atakuja Jumamosi, atakaa mbele kabisa, na asiposikia kichwa chake kikiunguruma vizuri atamnyang'anya na kumpa mwimbaji. Ndivyo anavyoonyesha furaha, Mjomba.

Kwa hiyo sasa boksi. Boksi, boksi, boksi. Sofa tuliyokuwa tunaiwekea pesa itasubiri.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimejifunza vitu ambavyo shuleni kwenye fizikia nilivipita nikiwa nasinzia.

Nyuma ya kichwa kuna matundu matatu: nne, nane, kumi na sita. Ni omu, kipimo cha ugumu anaoupata umeme kupita. Boksi lina namba yake ya omu, na waya wake lazima uingie kwenye tundu la namba ile ile. Ukikosea, kichwa kinabeba mzigo usio wake. Na boksi liwe na uwezo wa kukishinda kichwa, lisije likapasuka. Mume wangu amenichorea yote nyuma ya bahasha. Anachora vibaya, mpenzi wangu! Spika zake zinafanana na mayai ya kukaanga.

Lakini kuna jambo limenigusa. Amesema ukichukua maboksi mawili, kila moja nane, ukayaunga pamoja ubavu kwa ubavu, hayawi kumi na sita. Yanakuwa nne! Nikabisha. Nikasema nane na nane tangu lini ni nne? Akasema ndiyo hivyo, umeme unapata njia mbili badala ya moja, ugumu unagawanyika nusu.

Nimewaza hilo siku nzima nikiwa kaunta. Wawili wakikaa ubavu kwa ubavu, ugumu unakuwa nusu. Mbona hakuna aliyetuambia hivyo siku ya harusi? Badala yake walituambia kuvumiliana.

Jumanne, 12 Machi

Anaota friji. Siyo friji ya maji baridi. Ndivyo wapiga besi wanavyoliita boksi lenye spika nane, refu kama mtu mfupi. Amelala analiongelea. Nimepima ngazi zetu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mita yetu imepotea kwenye mizigo, nikatumia rula yangu ya dukani, ile fupi tunayopimia umbali kati ya macho ya mteja. Niliiweka, nikaisogeza, nikaiweka, nikaisogeza, mpaka nikapata upana wote. Jirani wa chini akanikuta nimepiga magoti ngaziani na karula kangu. Nikamsalimia shikamoo nikiwa chini. Kaitikia huku anapanda haraka.

Friji halipiti. Nimempa habari hiyo kwa upole, na busu mbili.

Jumatano, 13 Machi

Tumepata boksi!! Lakini ngoja, nisikimbie.

Mwenyekiti alitutuma kwa Fundi mmoja anayetengeneza na kuuza maspika ya mkono wa pili. Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya duka la matairi; maboksi yamepangwa ukutani hadi darini, na yeye mwenyewe amekaa katikati kama mlinzi wa ghala, kikombe cha chai juu ya spika. Kichwa chetu tulikiacha nyumbani, kizito mno, na Fundi alisema kwenye simu hana haja nacho: tumwambie tu namba za nyuma, ana kichwa chake cha kujaribia.

Matatu yalitufaa. La kwanza friji, ambalo tayari lilishindwa na ngazi, lakini mume wangu aliomba aliguse tu. Akaligusa. Nikageuka pembeni nimpe faragha.

La pili, eh! Zuri! Spika nne, wavu wa fedha unang'aa, pembe za chuma, magurudumu. Mume wangu akasema hili. Hajalisikia, keshasema hili. Nami nilishaliona ukumbini, yeye amesimama mbele yake na shati jeupe.

La tatu limefichwa nyuma. La kahawia. Zulia lililolivika limechanwachanwa upande mmoja, Fundi kasema paka wake walikuwa wananolea kucha hapo. Spika moja tu, kubwa, ya inchi kumi na tano. Linanuka stoo.

Sasa mimi kazini nimesimama pembeni ya daktari wa macho kila siku ya Mungu, namkabidhi vioo. Hamwulizi mtu "unaona vizuri?" Mtu atasema ndiyo, ili apendeze. Anaweka kioo, anauliza: hiki cha kwanza, au hiki cha pili? Cha kwanza, au cha pili? Mpaka macho yaseme yenyewe. Na kwenye fremu ni hivyo hivyo: mteja akija na shoga yake, ananunua miwani aliyoipenda shoga yake.

Nikamwambia mume wangu, geukia ukuta.

"Kwa nini?"

"Geuka tu, mume wangu."

Fundi akaelewa haraka, akaanza kucheka kabla ya mimi kumaliza. Mume wangu akapiga akiwa anatazama kalenda ya zamani ya matairi. Fundi anahamisha waya, mimi nauliza. La kwanza, au la pili? La pili. La kwanza, au la pili? La kwanza. Kila mara — kila mara! — alichagua la kahawia. Tulibadilisha mpangilio. Tukamrudishia lile la fedha mara mbili mfululizo kumtega. Akasema, mbona yote mawili yana pua iliyoziba?

Mimi mwanzoni sikusikia tofauti yoyote, nasema kweli. Baadaye nikavua viatu bila kujua kwa nini. Lile la fedha linanipiga hapa kifuani, kama mtu anayenisukuma. La kahawia lilikuja kwa miguu. Lilipanda kutoka sakafuni, likapita magotini, likakaa tumboni likatulia. Ndipo nikajua mume wangu anasikia nini akipiga. Nimekaa naye miaka miwili ya uchumba nikijua anapenda besi kama watu wanavyopenda mpira!

Akageuka.

"Lipi?"

Tukamwonyesha.

"Lile? La paka?"

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu akaomba mara ya mwisho, kwa heshima, labda kuna makosa. Akageuka tena. La paka tena. Akakaa chini. Anasema amechumbiana na lile la fedha dakika ishirini na amemwoa mwingine.

Kisha akamwomba Fundi alipime. Kipimo kikasema sita. Rangi ikamtoka! Nyuma ya kichwa hakuna tundu la sita! Fundi akamtuliza: kipimo kinalikuta limelala. Likilala ni sita, likiamka likapigwa ni nane. Maboksi yote yako hivyo, ameyaona mengi. Mume wangu akanong'ona sikioni kwangu kwamba hata mimi nikilala ni mdogo kuliko nikiamka. Mbele za watu! Nikamfinya.

Fundi ataling'oa zulia, alivike jipya, aache gundi ikauke, Ijumaa alilete mwenyewe nyumbani na mkokoteni. Nikamwambia ngazi zinaruhusu, nimezipima.

Tulirudi tumeshikana mikono kama watoto wa shule.

Alhamisi, 14 Machi

Anafanya mazoezi ya nyimbo zote za bendi. Mapazia, taa, buluu. Mbu wetu anaimba. Kesho boksi. Nina furaha hadi naogopa.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika kwenye meza ya jikoni, yeye ameketi chumbani.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumefunga mapazia kama kawaida, anapitia wimbo wa mwisho, kitufe kimefika mwisho, nami nimelala sakafuni kidevu mikononi natazama buluu. Mlango ukagongwa. Fundi, jasho linamtiririka, amekuja juu kuomba msaada: boksi limekwama kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya kwanza. Mimi nilipima upana! Sikupima kona! Nani aliyejua kwamba ngazi ina kona yake yenyewe?

Nikaanza kuomba radhi. Yeye hanisikilizi. Anatazama nyuma yangu, kwenye wekundu.

"Ile inawaka?"

"Ndiyo," nikasema kwa fahari, "karibu uone!"

"Imechomekwa wapi? Spika iko wapi?"

"Spika si umekuja nayo wewe?"

Aliruka. Mzee mzima yule, na tumbo lake, aliruka meza! "Zima! Zima! Zima hiyo!" Mume wangu akazima. Chumba kikawa giza, tukasimama watatu tusioonana. Nikafungua pazia. Fundi ameshika kiuno.

Kachukua kiti bila kukaribishwa. Hakugomba, afadhali angegomba. Alieleza polepole kama mtu anayewaambia ndugu habari za mgonjwa. Vichwa vya siku hizi huwezi kuviumiza hivyo. Hivi vya taa ni vingine. Ukipiga, nguvu inazaliwa, lazima itoke, na mlango wake ni spika. Isipopata spika inarudi ndani, inakila kichwa chenyewe. Kuna transfoma pale nyuma — akagonga donge la chuma — ndiyo inayoungua.

Mume wangu akasema vile alivyopigia kanisani na shuleni vyote vilikuwa vya kisasa, hakujua. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto.

Fundi akauliza: "Iliwahi kuimba? Ndani, kama mbu?"

Nikasema, "Tulidhani imefurahi."

Fundi akafunga macho.

Tukamwuliza imekufa? Kasema hajui. Hivi vya zamani vina roho ngumu kama wazee wa zamani. Huenda hakuna kitu. Au imeungua nusu: itapiga vizuri wimbo mmoja, miwili, halafu — akapuliza vidole. Kuijua ni mpaka ifungwe kwenye boksi lake na ipigwe kweli kweli. Lakini leo isiguswe, ipoe. Na boksi halipandi juu hata tukilisukuma na mtaa mzima. Nimekwenda kuliona, limekaa pale konani na zulia lake jipya jeusi kama mgeni aliyenyimwa njia. Wakaliteremsha yeye na mume wangu. Fundi atalipeleka moja kwa moja ukumbini kesho asubuhi.

Akiondoka kasema kitu kingine. Watu wanaua vichwa kwa hasira, kwa ulevi, kwa ubahili wa kutonunua waya mzuri. Hajawahi kuona kilichouawa kwa mapenzi.

Nadhani alitaka tucheke.

Kwa hiyo kesho, mbele ya bendi yote na Mwenyekiti, na Mjomba amekaa mbele kabisa, ndiyo mara ya kwanza. Kikizimika, nafasi inakwenda na kichwa cha Mjomba kinakwenda. Kwa ajili ya buluu yangu.

Baadaye kidogo, siku hiyo hiyo

Nilikwenda chumbani. Nilitaka kusema maneno mazuri, yakatoka machozi. Nikamwambia ni wazo langu lote, mimi ndiye niliyesema ongeza.

Akasema, "Wazo lako, vidole vyangu."

Nikasema basi nitampigia Mjomba simu mimi. Akasema hapana, kesho uso kwa uso, na atasema yeye. Nikasema mimi. Akasema yeye. Tumegombana nani abebe aibu! Ugomvi wetu wa kwanza, na kila mtu anavutia upande wake mzigo wa mwenzake. Nikakumbuka nane mbili zinavyokuwa nne, nikamweleza, akacheka, mwishowe. Tunalala njaa, hakuna aliyekumbuka kupika.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika ukumbini, nimekaa juu ya kreti la soda karibu na mlango wa pembeni. Mikono inataka kazi.

Tumekiteremsha kichwa ngazi zote, Wifi ametangulia mbele anafukuza watu njiani: "Pisheni, bibi harusi anashuka!" Mume wangu amekifunga kwenye mto wetu.

Boksi liko hapa. Jeusi, safi, hakuna atakayejua habari za paka. Kichwa kimekaa juu yake na, jamani, vinafanana! Kama walizaliwa nyumba moja. Waya mnene kutoka boksi hadi tundu la nane. Fundi amekagua, mume wangu amekagua, nami nikakagua bila kujua nakagua nini. Nane. Nane.

Mpiga ngoma anakaza ngoma zake. Mwenyekiti ameitisha kikao kuhusu mpangilio wa nyimbo, kikao cha pili sasa. Mume wangu amebonyeza swichi ya kwanza. Fundi amesema taa zipate moto vizuri kabla ya swichi ya pili. Kwa hiyo tunasubiri. Kwenye mwanga wa ukumbi huu ule wekundu hauonekani hata kidogo. Nimeinama nikaangalia. Kama haupo.

Mjomba amefika. Shati limepigwa pasi hadi linaweza kusimama peke yake. Wote wamemsalimia, Mwenyekiti amekatisha kikao kumpa mkono; kumbe alipokuwa mdogo alikuwa akimtazama Mjomba jukwaani. Mjomba amezunguka boksi mara moja, amelipiga kofi la mgongo kama ng'ombe wa kununua. Amesema mwili umefaa, nani amechagua? Mume wangu amesema, mke wangu, kwa njia ya miwani. Mjomba hakuelewa, akacheka hivyo hivyo.

Mume wangu alifungua mdomo aseme. Nilimwona! Mwenyekiti akamwita apange sauti na mpiga gitaa, akamshika bega akamvuta.

Mjomba akaja kukaa karibu nami. Kiti cha mbele kabisa kimepakana na kreti langu. Akaninyooshea pipi ya mnanaa. Akauliza, kwa macho ya mtu anayeulizia mtoto wake aliyemlea:

"Ee mwanangu, kinasikikaje huko nyumbani?"

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Yuko mbali, amevaa gitaa, amegeuka.

Nikasema, "Mjomba, hatujawahi kukisikia. Tumekiangalia tu."

"Kukiangalia vipi?"

Nikamwambia. Mapazia, wekundu, buluu, kitufe hadi mwisho, mbu. Nimesema mimi ndiye niliyeomba. Sikulia, nilishangaa mwenyewe. Wakati nasema alikuwa ameshika karatasi ya pipi, anaikunja, anaikunjua kwa vile vidole vyake vigumu.

Anaangalia jukwaani. Nami nimerudi kuandika ili nisimwangalie yeye.

Mwenyekiti amehesabu watu. Mpiga ngoma ameinua fimbo. Mume wangu ametutazama huku, mmoja mmoja, Mjomba, mimi, akaona uso wangu, akajua nimeshasema. Ametikisa kichwa chake polepole, na — anatabasamu! Kidole kiko juu ya swichi ya pili.

Mjomba amesimama. Nilidhani anaondoka. Amekokota kiti chake, kinapiga kelele sakafuni, mpaka karibu kabisa na boksi, magoti yake karibu yaliguse. Ameketi. Amevua viatu, kama mimi kule kwa Fundi.

Swichi imebonyezwa —